Pima gunia kabla hujaandika sera

Vijana wanaomaliza chuo hapa Mbeya huniuliza wafanyeje ili wafanye kazi kama ya REPOA au ESRF, vile vituo huru vya utafiti wa sera vilivyoanzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1990. Wengi wanadhani kazi yenyewe ni kompyuta na semina hotelini. Mimi nasimamia wadodosaji, wale wanaozunguka na dodoso kuhoji watu, makazi yangu Uyole, na huwa nawaambia watafute mzani kwanza. Tuchukue viazi mviringo vya kijiji cha Isyonje, tuvifuate mpaka viwe karatasi ya kurasa mbili mezani kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Anza na swali linalojibika. "Kwa nini mkulima wa viazi hatajiriki?" ni swali la kijiweni. Uliza hivi: katika kila shilingi 1,000 anayotoa mlaji wa Dar es Salaam, mkulima wa Isyonje anapata ngapi, na zinazobaki zinaishia kwa nani? Hapo unajua wa kumhoji: mkulima, dalali, mwenye lori, mpakiaji, mchuuzi wa sokoni.

Barua za ruhusa ya kufanya utafiti hazina njia ya mkato. Zinashuka kwa katibu tawala wa mkoa, wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, hadi mtendaji wa kijiji. Fika mapema, piga shikamoo, eleza shida yako, saini kitabu cha wageni. Kisha omba daftari la wakazi, uteue kaya kwa kura mwenyewe. Ukimwachia mwenyekiti akuchagulie, utahoji wakulima wenye bati la msauzi peke yao, na nusu yao watakuwa shemeji zake. Soda kwa mhojiwa aliyeacha jembe ni uungwana. Posho kwa kiongozi anayekuchagulia wahojiwa, hapana.

Sasa gunia. Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika. Sheria ya vipimo inataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, lakini viazi vya kwetu bado hukutana na lumbesa: gunia linajazwa, linaongezewa kilemba juu, kilemba kinafumwa kwa kamba. Dodoso likiuliza "uliuza magunia mangapi?" na mchambuzi aliyeko mjini akazidisha kwa 100, kila hesabu itakayofuata imepotoka.

Tuseme mkulima kauza gunia kwa shilingi 70,000, na kilo moja sokoni Dar es Salaam ni 1,000. Kwa gunia la kilo 100 la kwenye karatasi, mkulima amepata 700 kwa kilo, zimebaki 300 za usafiri, ushuru na faida ya wengine. Utaandika kwamba hali si mbaya, tatizo labda ni barabara. Liweke gunia lilelile kwenye mzani, likisoma kilo 140, mkulima amepata 500. Pengo si 300 tena, ni 500. Pendekezo lako nalo linabadilika: badala ya kuomba lami, unaomba mizani kwenye vituo vya kuuzia na mkaguzi wa vipimo anayeonekana siku ya mnada.

Kwa hiyo beba mzani wa kuning'iniza, na pima magunia yaliyokwisha kushonwa, yakiwa yanasubiri lori. Omba ruhusa kwa mwenye mzigo. Usipime mbele ya dalali kisha umhoji mkulima papo hapo. Atakujibu huku anamtazama usoni mtu atakayemuuzia wiki ijayo. Andika pia nani kaleta magunia matupu na nani anamlipa mpakiaji. Mpakiaji anayelipwa na mnunuzi kwa kila gunia hana sababu ya kulionea huruma shamba la mtu.

Namna ya kuuliza nayo ina adabu yake. "Mama, kwa mwaka unapata faida kiasi gani?" itakuletea kicheko au uongo wa heshima. "Mara ya mwisho kuuza viazi ilikuwa lini? Alikuja nani? Alikupa shilingi ngapi mkononi?" Hayo anayakumbuka. Kwenye mbolea uliza bei aliyolipa yeye kwa mfuko wa kilo 50, na kama ulikuwa wa ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23, maana majirani wawili wanaweza kuwa wamelipa bei mbili tofauti.

Ushuru usiusikie kwa maneno tu. Bajeti ya 2017/18 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na ikasamehe mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Dereva wa lori akikuambia getini wanachukua "nyingi", omba kuona risiti, soma tarehe, andika kiasi.

Jioni kagua majibu kwenye vishikwambi kabla wadodosaji hawajalala. Bei zote zikifanana kwa mdodosaji mmoja, huenda anazibuni; kesho mpangie kijiji kingine na umfuate.

Kwenye kuandika, ukurasa wa kwanza utaje nani kalipia utafiti. Uhuru wa kituo unaanzia hapo: mfadhili anajua mapema kwamba hataweza kufuta matokeo yasiyompendeza. Sema wazi pia kwamba namba ni zako, si takwimu rasmi za Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS). Sheria ya Takwimu ya 2015 ilikazwa mwaka 2018, kisha marekebisho ya 2019 yakaondoa kosa la jinai kwa anayechapisha takwimu zake. Hata hivyo eleza ulivyokusanya, ili anayebisha abishane na mzani.

Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, lakini halmashauri huandaa bajeti miezi mingi kabla. Karatasi ya Juni imeshachelewa. Ifikishe Novemba, madiwani wakiwa bado wanagombania vifungu. Nakala ya Isyonje iwe ukurasa mmoja, bei kwa kilo tu, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji kabla msimu wa kuuza haujafunguka.