Maziwa ya ng'ombe wa kienyeji: kupanda si kuchemka

Maziwa ya zebu, ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, huwa na mafuta mengi kuliko ya Friesian, ng'ombe wa kisasa wa maziwa, mara nyingi karibu asilimia 5 dhidi ya 3.5, ndiyo maana utando wake ni mnene. Utando huo ndio unaodanganya wapishi: mvuke unanasa chini yake, maziwa yanafura kabla hayajachemka sawasawa, mtu anaepua. Koroga tangu mwanzo, mwiko ufike chini ya sufuria. Yakipanda punguza moto, endelea kukoroga, yatokote dakika 2 au 3. Vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, hufa hapo. Uchachu wa mtindi peke yake hauviui kwa uhakika, kwa hiyo hata maziwa ya kugandisha yachemshwe kwanza, yapoe hadi vuguvugu, ndipo utie vijiko 2 vya mtindi kwa kila lita.

Kwa joto la Dar usiyaache mezani. Weka sufuria kwenye beseni la maji baridi, yakipoa yaingie friji. Na kikombe kilichochota maziwa mabichi kisirudi kwenye yaliyochemshwa bila kuoshwa. Kosa hili ni la kila siku.

Yakikataa kuganda ilhali mbegu ya mtindi ni nzima, shuku antibayotiki: huenda ng'ombe alichomwa sindano, akakamuliwa kabla siku za kusubiri dawa itoke mwilini hazijaisha. Kuchemsha hakuondoi dawa hizo. Mbane muuzaji, au mbadilishe.