Kabla hujamwandikia profesa: namna ya kusoma makala zake na namba zake

Mwaka juzi nilikaa kwenye kikao cha kumtafutia mwanafunzi wangu wa uzamili msimamizi wa pili kwenye utafiti wa dawa. Jina lililoletwa mezani lilikuwa na kielezo cha h, kile kipimo cha makala za mtu zinavyotajwa na wengine, cha 47 kwenye Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaalamu, na mimi, mkemia mzima, nikasema huyuhuyu. Nilichotazama ni ile namba ya pembeni mwa ukurasa, basi. Wiki mbili baadaye mwanafunzi akaingia ofisini na simu mkononi. "Samahani Dokta, na hii nayo ni dawa?" Ilikuwa makala ya uimara wa zege lililochanganywa na majivu ya pumba za mpunga. Chini yake kulikuwa na zege lingine, na lingine. Mtambo ulikuwa umewaunganisha watu wawili wenye jina moja la ukoo na herufi moja ya kwanza: mmoja anatafuta dawa za malaria kwa kompyuta, mwingine mhandisi wa ujenzi. Tulipomtoa mhandisi, h ikashuka hadi 19.

Tangu siku hiyo sifungui wasifu wa mtafiti bila utaratibu, na utaratibu wenyewe ni huu. Ninawalenga hasa wanafunzi wa famasia, kemia na bayolojia wanaowinda msimamizi kwenye ugunduzi wa dawa kwa kompyuta, fani ambayo namba zake zina vituko vyake.

Kwanza hakikisha mtu ni yuleyule. Tafuta namba yake ya ORCID, yaani kitambulisho cha mtafiti, ile ya tarakimu 16 iliyoanza kutolewa mwaka 2012, kisha linganisha orodha ya huko na ya Google Scholar. Panga makala kwa mwaka, siyo kwa idadi ya kurejelewa, uone chuo alichokuwepo mwaka gani na mada aliyoshika. Mtu wa protini haamki asubuhi moja akawa mtu wa zege. Majina yetu ya Afrika Mashariki ndiyo yanayochanganya kuliko mengine, maana akina J. Mohamed na A. Juma hawahesabiki.

Sasa kielezo cha h chenyewe. Kilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, nacho ni idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imerejelewa (imetajwa na makala nyingine) angalau mara idadi hiyohiyo. Hesabu yake unaweza kuifanya kwenye kipande cha karatasi. Chukua mtafiti mwenye makala 12 zilizorejelewa mara 940, 61, 33, 20, 14, 9, 8, 8, 5, 3, 1 na 0. Shuka ukihesabu. Makala ya nane imerejelewa mara 8, bado inatosha. Ya tisa ina 5 tu, haifikii tisa. Basi h yake ni 8. Jumla ya marejeo ni 1,102. Sasa ifunike ile ya kwanza kwa kidole. Jumla inaporomoka hadi 162, lakini h inashuka hatua moja tu, inakuwa 7. Ndiyo maana sitaki mtu aniletee namba moja. Jumla inaweza kubebwa na makala moja, na h haikuonyeshi kama makala hiyo ipo. Nataka orodha nzima, kuanzia juu hadi zile zenye sifuri.

Hiyo makala ya 940 ni nini, basi? Kwenye fani hii, mara nyingi ni chombo. Mwaka 2010 Oleg Trott na Arthur Olson wa Scripps huko Marekani walichapisha AutoDock Vina, programu ya dokingi, yaani ya kuipachika molekuli kwenye tundu la protini ndani ya kompyuta na kukadiria inashika kwa nguvu kiasi gani. Makala ile imerejelewa mara makumi ya maelfu. Kanuni ya Lipinski, ya mwaka 1997, yenye masharti manne ya molekuli kufaa kuwa dawa ya kumeza, nayo hivyohivyo, na SwissADME ya mwaka 2017, tovuti ya kukadiria molekuli itakavyosafiri mwilini, inafuata njia ileile. Kila anayetumia analazimika kutaja. Ni sawa na mwenye mashine ya kusaga: kila mwenye mahindi kijijini atapita kwake, hata yule ambaye ugali wake utaungua. Sisemi kwa kebehi, bila mashine tungekuwa bado tunatwanga. Ila usimsome mtengeneza chombo kama mgunduzi wa dawa, na usimdharau mgunduzi kwa kuwa hana makala ya chombo.

Kuna aina ya tatu inayotuhusu zaidi sisi, nayo ni wajenzi wa maktaba za molekuli. Fidele Ntie-Kang wa Chuo Kikuu cha Buea, Kamerun, na wenzake walitoa AfroDb mwaka 2013: takriban molekuli 1,000 za mimea ya dawa ya Afrika, zikiwa na maumbo ya pande tatu tayari kwa dokingi. Ukifungua makala ya namna hiyo, uliza nani aliyeichukua akaenda nayo mbele. Jibu la swali hilo halipo kwenye namba. Lipo nyuma yake.

Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, na ndipo wanafunzi wengi hawafiki. Bonyeza idadi ya marejeo iliyo mkabala na makala. Itafunguka orodha ya wote walioitaja. Juu ya orodha hiyo kuna kisanduku cha kutafuta ndani ya makala hizo tu. Kitie alama, uandike "IC50" (kiasi cha molekuli kinachozuia nusu ya kazi ya kimeng'enya au kimelea), au "in vitro" (kilichopimwa kwenye mrija), au jina la vimelea unavyovifuata. Marejeo 300 yanaweza kubaki 25. Hizo 25 zifungue, tafuta jina la mtafiti wako ndani ya matini, usome sentensi alimotajwa. Utakutana na sentensi za aina mbili. Moja inamtaja katikati ya mabano pamoja na wengine 11, kwamba "malaria ni tatizo kubwa". Nyingine inasema tulichukua molekuli yake ya 14, tukaitengeneza, tukaipima. Moja ya aina hii ya pili, kwangu, inazidi 50 za ile ya kwanza. Ukiwa hapohapo, hesabu mara ngapi jina la ukoo la mtafiti mwenyewe linajirudia kwenye orodha. Kujirejelea siyo dhambi, kazi hujengwa juu ya kazi. Lakini nusu nzima? Hapana.

Kisha soma makala moja hadi mwisho. Moja tu, ila usiruke kitu. Mimi hupenda kuchagua ya mwaka 2020, maana maabara zilipofungwa kila mwenye kompyuta mpakato alifanya dokingi ya mmea fulani, mara mwarobaini, mara tangawizi, dhidi ya 6LU7. Hiyo ni namba ya umbo la kimeng'enya kikuu cha virusi vya korona kwenye hazina ya protini ya PDB. Swali langu la kwanza: je, waliitoa molekuli iliyokuwa tayari ndani ya umbo lile, wakairudisha kwa programu, na ikakaa palepale? Kawaida hukubaliwa ikiwa haikuhama zaidi ya anstromu 2, kipimo cha urefu kinachotumika kwa atomu. Kwa 6LU7 kuna mtego, kwa sababu molekuli iliyomo, N3, imeshikamana na sisteini ya 145, yaani asidi amino ya 145 ya kimeng'enya hicho, kwa kifungo cha kovalenti, kile cha atomu kushirikiana elektroni, na Vina ya kawaida haiundi kifungo cha aina hiyo. Mwandishi aliyelieleza hilo anaijua kazi yake. Aliyepita kimya, mwekee alama ya kuuliza.

Swali la pili ni la alama, ile namba ya nishati inayotolewa na programu: ikishuka zaidi chini ya sifuri, molekuli inakadiriwa kushika kwa nguvu zaidi. Ukiona mtu anashangilia kwamba molekuli A ina −9.1 na B ina −8.7, tulia. Makadirio ya Vina hukosea kwa zaidi ya kcal/mol 2 (kipimo cha nishati cha alama hizo), kwa hiyo tofauti ya 0.4 haisemi lolote. Isitoshe, molekuli kubwa hupata alama nzuri kwa ukubwa wake tu. Rutini, inayopatikana kwenye majani mengi, huibuka kinara kwenye jedwali baada ya jedwali. Uzito wake ni 610, wakati Lipinski anataka usizidi 500. Watoaji wa vifungo vya haidrojeni ni 10 badala ya 5, na wapokeaji 16 badala ya 10. Imevunja masharti matatu kati ya manne, na bado makala inahitimisha kwamba ni "dawa tarajiwa".

Swali la tatu ni fupi: kuna chochote kilichoingia kwenye mrija? Kikipimwa, angalia isiwe kurkumini ya manjano au jamaa zake, molekuli zinazodanganya vipimo vya kila namna. Jonathan Baell na Georgina Holloway walichapisha vichujio vya kuzitambua mwaka 2010. Ukitaka kuona molekuli inayosafiri kweli, fuatilia MMV048 ya malaria kutoka kituo cha H3D cha Kelly Chibale, Chuo Kikuu cha Cape Town: ilitoka kwenye upimaji wa maelfu ya molekuli hadi kwenye miili ya watu. Usimtarajie kila mtafiti afike huko. Tarajia angalau awe na mwenzake mmoja mwenye maabara.

Yaliyobaki ni ya haraka. Jina lake liko wapi kwenye orodha ya waandishi: la kwanza, la mwisho, au limebanwa katikati ya watu 40? Je, kuna makala yake iliyoondolewa na jarida baada ya kuchapishwa? Tafuta kwenye hifadhidata ya Retraction Watch, ni bure. Usidhani ni jambo la nadra, kwani mwaka 2023 peke yake majarida ya mchapishaji Hindawi yaliondoa makala zaidi ya 8,000. Na ile safu ya miaka mitano ya karibuni kwenye Google Scholar itakuonyesha kama mtu bado anafanya kazi au anakula pensheni ya makala za zamani.

Ukimaliza, andika barua pepe fupi na uombe kitu kimoja tu: faili la mipangilio ya dokingi, lenye vipimo vya kisanduku, yaani eneo la protini ambamo programu hutafuta, na mahali kilipowekwa. Yule wetu wa h 19 tulimwandikia. Alijibu baada ya siku tatu, akaambatanisha faili, maumbo yote, na jedwali la molekuli sita alizopeleka maabara. Tano hazikufanya kazi, naye alikuwa ameziandika zote. Mwanafunzi wangu akaacha kompyuta inakimbia usiku kucha, asubuhi akanitumia ujumbe: "Dokta, yeye −8.8, mimi −8.7. Nimwambie ndiyo?"

Nikamjibu amwambie.