Grafu ya diski ikivimba, angalia inajumlisha nini
Seva ya Linux ikionyesha diski inaandika mara mbili au tatu ya uwezo wake, usikimbilie Kariakoo kununua nyingine. Fungua /proc/diskstats, faili ambamo Linux huhesabu kilichosomwa na kuandikwa kwenye diski: data ileile iliyoandikwa huhesabiwa kwenye sda (diski nzima), kwenye patisheni sda2 (kipande chake), na tena kwenye dm-0 kama unatumia LVM (tabaka la programu linalogawa nafasi ya diski). Programu ya ufuatiliaji ikijumlisha mistari yote, namba lazima ivimbe. Iambie isome diski nzima tu, zile zinazoorodheshwa na amri lsblk -d, ukiondoa loop (faili zinazojifanya diski). Na tafadhali, sekta, kipimo cha kuhesabia humo, ni baiti 512 daima, hata kwa diski yenye sekta za baiti 4096. Nimepoteza jioni nzima hapo. Kwenye RAID 1 (diski mbili zenye nakala ileile) mbinu hii inakwama, kwani kila kinachoandikwa huenda diski zote mbili: soma md0, mstari wa RAID yenyewe, peke yake.