Kupiga pasi suti nyeusi bila kuiachia mng'aro

Suti nyingi zinazofika kwa dobi Moshi mjini ni za mtumba, zimenunuliwa soko la Memorial, na zinakuja kwa mkupuo: msimu wa harusi, Jumapili za kipaimara, na Desemba watu wanaporudi nyumbani kula Krismasi. Lawama kubwa ya wateja ni moja. Suti nyeusi au ya bluu iliyokolea inarudi ikiwa na mng'aro juu ya mifuko, mapajani na kwenye mishono. Mng'aro huo si uchafu. Ni nyuzi zilizolazwa na pasi ya moto iliyogusa suti moja kwa moja na kusuguliwa huku na huku. Suti haisuguliwi, inabanwa, na kati yake na pasi lazima pawe na kitambaa.

Andaa kwanza

Meza pana yenye blanketi lililokunjwa mara mbili, juu yake shuka jeupe la pamba. Vipande viwili vya amerikani, kile kitambaa cha pamba kisicho na rangi, vya kama sentimeta 50 kwa 80, vilivyofuliwa mara kadhaa hadi wanga wa dukani utoke, kwa sababu wanga huo huungua na kuacha madoa ya kahawia. Brashi ya nguo, karatasi za kaki, taulo, bakuli la maji safi. Ongeza kibao cha mbao ngumu, sentimeta 25 kwa 8, unene wa 4, kilichopigwa msasa na kisichopakwa vanishi. Omba masalia kwa seremala, ila uchague mbao nyeupe, maana mbao nyekundu ikipata unyevu hutoa rangi.

Kama pasi yako ni ya mvuke, angalia birika lako la chai. Likiwa na utando mweupe ndani, maji hayo yataziba matundu ya pasi na siku moja yatatema chembe nyeupe kwenye koti jeusi. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa, au iache pasi kavu utegemee kitambaa chenye unyevu. Kwa suti, njia hiyo ya pili ni bora hata kama maji yako ni mazuri.

Hatua ya 1: jua nguo imefumwa kwa nini

Lebo ikiwepo, tazama alama ya pasi: nukta moja ni hadi nyuzijoto 110, mbili 150, tatu 200. Kwenye mtumba mara nyingi imekatwa. Basi chomoa uzi mmoja ndani ya upindo wa suruali, ushike kwa kibano na uuchome mbali na nguo. Ukinuka nywele zilizoungua na majivu yakasagika vidoleni, ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu, ni poliesta. Harufu ya karatasi iliyoungua ni pamba. Ukipata harufu ya nywele pamoja na kishanga, ni mchanganyiko, na uipige kama poliesta.

Sufu inavumilia nukta mbili. Poliesta anzia nukta moja, upande taratibu ikibidi. Tofauti hii si ndogo: sufu iliyong'aa huweza kurudishwa, poliesta iliyoyeyuka hairudi tena.

Hatua ya 2: vumbi na madoa

Toa kila kitu mifukoni. Piga brashi kuelekea chini, hasa kiangazi, vumbi linapojaa kwenye kola na pindo. Doa la chai, jasho au mafuta lishughulikiwe kabla ya pasi, kwani joto hulifanya ling'ang'anie.

Hatua ya 3: suruali

Igeuze nje ndani. Fungua mishono kwa ncha ya pasi, ukiweka vipande vya karatasi ya kaki chini ya kingo zake ili zisijichore upande wa mbele. Fanya hivyo pia kwenye mifuko: ukiibana ikiwa imelala juu ya paja, umbo lake litaonekana nje.

Irudishe ilivyo. Shika miguu kwa chini, linganisha mishono yote minne, ya ndani na ya nje, kisha ilaze mezani. Hapa ndipo kosa la mistari miwili kwenye mguu mmoja linapozaliwa: mishono ikipishana hata nusu sentimeta, mstari mpya hautakaa juu ya ule wa zamani. Mstari wa mbele upande hadi kwenye rinda la kwanza. Kama suruali haina rinda, uishie chini kidogo ya mkanda. Wa nyuma usivuke sana usawa wa makutano ya miguu.

Kunja mguu wa juu kuelekea kiunoni, uanze na wa chini. Lowesha amerikani, ikamue hadi isidondoke tone, itandaze. Weka pasi juu, hesabu hadi nane au kumi, inyanyue, isogeze hatua moja. Usiburute. Mvuke ukianza kupungua ondoa kitambaa na ukandamize kibao papo hapo, kisha subiri hadi pawe baridi. Kibao hunywa unyevu na kuushikilia mstari wakati nyuzi zinapoa. Wengi huharakisha hapa, na ndiyo sababu mstari unafutika mteja akikaa mara moja tu kwenye daladala. Nguo inashika umbo inapopoa, si inapokuwa moto.

Mstari wa zamani ukikaidi, loanisha kitambaa kwa siki nyeupe kipimo kimoja na maji viwili, ubane upya. Jaribu kwanza ndani ya upindo kuona kama rangi inatoka. Dawa hiyohiyo pamoja na brashi laini hunyanyua nyuzi za sufu iliyokwisha kung'aa.

Hatua ya 4: koti

Anza na bitana, moto mdogo, bila maji. Kisha mikono, ukiwa umeingiza taulo lililoviringishwa ili isipate mikunjo ya pembeni. Kisha mgongo, vifua, na kola mwishoni. Sehemu ya kola inayogeukia kifuani usiibane ikalala bapa kama karatasi. Iache ijiviringe yenyewe kufikia kifungo cha juu. Mabega yabane juu ya taulo lililofinyangwa kama bega.

Kifuani kuwa makini zaidi. Makoti mengi yana kitambaa cha ndani kilichogandishwa kwa gundi, na maji mengi au moto mkali huifumua. Utaona malengelenge, na hayo huwezi kuyarudisha kwa pasi.

Umeme ukikatika

Chomoa pasi kwenye soketi, maana umeme ukirudi wakati imelala kifudifudi utaikuta suti ina tundu. Pasi ya mkaa inafanya kazi hii vizuri, kwa vile unyevu unatoka kwenye kitambaa. Washa mkaa nje hadi uwe mwekundu usio na moshi, jaza nusu ya pasi. Futa kitako kwa kitambaa chenye maji, kisha kipitishe kwenye jani la mgomba ili kiteleze bila masizi. Jaribu kwenye pembe ya amerikani kavu: ukihesabu hadi tano ikageuka njano, subiri. Pepea mkaa mbali na meza, cheche zinaruka. Usifanyie kazi kwenye chumba kilichofungwa; hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.

Kukabidhi

Tundika suti kwenye henga kwa nusu saa angalau, zaidi ya hapo Juni na Julai kunapokuwa na baridi. Usiifunge kwenye plastiki ikiwa na unyevu, itajikunja na kunuka; kanga safi iliyochakaa inafaa zaidi. Mteja anayepanda Rombo au Machame na begi, geuza koti nje ndani, ingiza bega moja ndani ya jingine, lilaze juu ya suruali iliyokunjwa kwa kufuata mstari wake, na uweke karatasi ya kaki kila linapokunjika.