Vidukari kwenye miche na mimea ya ndani: namna ya kuwamaliza bila kuunguza mmea

Dalili ya kwanza kwangu haikuwa mdudu. Ilikuwa rafu ya dirishani kunata. Nilikuwa na trei ya miche ya pilipili hoho, majani manne manne, naitazama kila siku kutoka juu na kuisifia, na kila nikiweka mkono kwenye rafu unanata kama mtu kamwaga soda. Nikafuta. Kesho yake pananata tena. Siku ya tatu ndipo nilipogeuza jani moja, nikawakuta wamejipanga kwenye mshipa wa kati kama punje za ufuta, vichwa chini, matako juu.

Nikafanya kosa ambalo naona wengi bado wanalifanya. Nilimimina sabuni ya kuoshea vyombo kwa kukisia, nikapulizia saa sita mchana jua limejaa dirishani. Vidukari wengi walikufa, ni kweli. Lakini miche kumi na moja kati ya ishirini iliungua kingo, ikakunjamana, na baada ya siku tisa vidukari walikuwa wamerudi kwenye ile iliyobaki. Nilikuwa nimetumia dawa kali mara moja, mahali palipohitaji dawa laini mara sita. Utaratibu ninaoutumia sasa ni huu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni vidukari kweli

Wapo wanaowaita wadudu mafuta, wengine chawa wa mimea. Rangi isikudanganye: wapo wa kijani, weusi, wa njano, hata wa waridi, na kundi moja linaweza kuwa na rangi mbili. Mwili ni laini, umbo la tone, urefu wa milimita 1 hadi 4. Alama isiyokosea ni vijibomba viwili vidogo vinavyochomoza nyuma ya mgongo, kimoja kila upande. Ukiwa na kioo cha kukuza, au kamera ya simu uliyoivuta karibu, utaviona.

Tafuta mahali palipo laini: ncha ya chipukizi, upande wa chini wa majani machanga, vikonyo vya maua ambayo hayajafunguka. Kwenye miche, angalia pale majani mawili ya kwanza yanapokutana na shina, maana ndipo wanapojibana.

Utaona pia vitu vyeupe vilivyotapakaa juu ya majani ya chini, kama vumbi la unga. Watu huniambia "nina inzi weupe" au "haya ni mayai". Si mayai. Ni magamba. Kidukari hujivua ngozi mara nne kabla ya kukomaa, na ngozi hizo huangukia jani lililo chini yake. Ukiona magamba, inua macho. Mwenyewe yuko juu kidogo ya hapo. Kama ni inzi weupe, ukigusa mmea wataruka kama wingu dogo. Kama ni vidung'ata, wamejifunika kitu kama pamba. Kidukari asiye na mabawa ukimgusa atatembea taratibu tu, au asijisumbue kabisa.

Hatua ya 2: Tenga mmea kabla ya kushika dawa

Hamisha chungu au trei mbali na mimea mingine, chumba kingine kama kipo. Majani yasigusane. Halafu kagua majirani wote waliokuwa karibu nao, hata wale wanaoonekana wazima, kwa kugeuza majani na si kwa kutazama tu.

Hapa pia amua kwa ukweli. Mche mdogo ambao chipukizi lake limeshajikunja kama ngumi na kujaa wadudu ndani, sipotezi muda nao. Naung'oa, nautia kwenye mfuko, nafunga, natupa nje. Kupanda mbegu nyingine ni wiki mbili. Kuufuga mche huo ni kuwafugia vidukari trei nzima. Kwa ua kubwa ni tofauti: kata tu zile ncha zilizozidiwa, zitachipua tena.

Hatua ya 3: Maji na vidole

Wengi wanairuka hatua hii kwa sababu haifanani na dawa, na kwangu ndiyo inayofanya nusu ya kazi. Kidukari anachoma mdomo wake wenye umbo la sindano hadi kwenye mshipa wa chakula wa jani na kutulia hapo. Ukimng'oa ghafla, mara nyingi mdomo unaumia, na aliyeanguka chini ni nadra apande tena.

Mmea uliokomaa: funika udongo kwa mfuko wa plastiki uliofungwa kuzunguka shina, ulaze mmea bafuni, uoshe kwa maji ya vuguvugu, zaidi upande wa chini wa majani. Chungu kidogo: jaza ndoo, ziba udongo kwa kiganja shina likipita katikati ya vidole, geuza chungu chini juu, tumbukiza majani, tikisa taratibu kwa nusu dakika. Utawaona wakielea.

Miche haivumilii maji ya nguvu. Naishika kila mmoja, jani likilala juu ya kidole changu, napitisha brashi laini ya rangi iliyoloweshwa, kutoka shinani kwenda nje. Trei ya miche hamsini inakula karibu saa moja. Weka redio.

Hatua ya 4: Sabuni, kwa kipimo

Sabuni inaua kwa kugusa. Inavunja tabaka la nta linalomkinga mdudu na kuharibu utando wa seli zake, anakauka. Kutokana na hilo utajua mambo matatu. Kwanza, tone lisilomfikia halimfanyi kitu. Pili, sabuni inafanya kazi ikiwa mbichi. Ikikauka juu ya jani imekwisha, hata mdudu akitembea juu yake. Tatu, hiyo nta inayovunjwa hata jani linayo, na jani la mche lina nta nyembamba sana. Ndiyo maana pilipili zangu ziliungua.

Iliyo bora ni sabuni maalumu ya kuulia wadudu wa mimea, iliyotengenezwa kwa chumvi za potasiamu za asidi za mafuta. Fuata kipimo cha kwenye chupa. Ukikosa, tumia sabuni ya maji ya kawaida isiyo na manukato makali wala kiua bakteria. Kwa mimea iliyokomaa mililita 10 kwa lita moja ya maji, yaani vijiko viwili vya chai. Kwa miche anza na mililita 5, kijiko kimoja. Sabuni ya unga ya kufulia iache ifue nguo. Kama maji yako ni magumu, yale yasiyotoa povu vizuri, tumia maji ya mvua au yaliyochujwa, la sivyo sabuni inageuka utando mweupe na nguvu inapotea.

Jaribu kwenye jani moja kwanza, subiri siku moja hadi mbili. Mimea ya jamii ya kangaga (fern) na ile yenye majani ya manyoya au ya kunenepa huchukia sabuni.

Pulizia jioni, au asubuhi kabla jua halijafika. Kama miche iko chini ya taa za kukuzia, zima taa kwanza. Joto likizidi nyuzi 30, ahirisha. Anza upande wa chini wa majani: pindua pua ya chupa itazame juu, puliza mpaka jani lianze kudondosha, kisha machipukizi, mwisho ndipo upande wa juu. Kwa miche, suuza kwa maji safi baada ya saa moja au mbili. Kazi ya sabuni itakuwa imeshakwisha, na jani halina sababu ya kulala nayo.

Hatua ya 5: Rudi baada ya siku nne

Hapa ndipo watu wanaposhindwa.

Jioni moja niliweka jani chini ya kioo cha kukuza nikamtazama jike mmoja mnene. Nyuma yake palichomoza kitu chenye rangi hafifu, kikarefuka polepole, matako mbele, miguu imebanwa mwilini. Baada ya dakika chache miguu ikajikunjua, ikakanyaga jani, na kitoto kikasimama kando ya mama yake. Hakuna yai, hakuna dume. Ndani ya nyumba, penye joto wakati wote, karibu vidukari wote ni majike wanaozaa bila kupandwa, na kitoto kinapozaliwa tayari kina viini vya watoto wake tumboni.

Sasa piga hesabu. Jike mmoja huzaa kama watatu hadi watano kwa siku, na kwenye joto la nyuzi 25 mtoto anakuwa mama baada ya siku saba hadi kumi hivi. Ukipulizia leo vizuri sana, utawakosa wachache waliojibana ndani ya chipukizi. Wale watoto uliowakosa wana wiki moja tu kabla ya kuanza kuzaa. Ukirudi siku ya nne, unawakuta bado hawajazaa. Ukirudi siku ya kumi na nne, unakutana na wajukuu.

Kwa hiyo naandika kwenye kalenda: leo, siku ya 4, ya 8, ya 12, ya 16, ya 20. Mara sita. Kuanzia ya tatu utakuwa unapulizia mmea usioonekana na mdudu, na mkono utakuwa mzito. Pulizia. Faida tuliyonayo ni kwamba kwa kuwa hawatagi mayai ndani, hakuna kitu kilichofichwa kinachosubiri kuanguliwa mwezi ujao. Ukivuka siku hizo ishirini bila kuzaliwa hata mmoja, ukoo umekatika.

Sabuni isipotosha

Mafuta ya mwarobaini ndiyo hatua yangu inayofuata: mililita 5 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, na matone machache ya sabuni ili mafuta yachanganyike na maji. Tikisa chupa kila mara, tumia siku hiyo hiyo. Yale yenye azadirakitini, kiambato cha mwarobaini kinachodhuru wadudu, huvuruga ukuaji wa mdudu, asijivue ngozi inavyopaswa, kwa hiyo usitarajie maiti asubuhi. Badilisha zamu moja ya sabuni na moja ya mwarobaini, usizichape zote jioni moja.

Pamba iliyoloweshwa spiriti ya asilimia 70 inafaa kwa vidukari wachache kwenye shina gumu. Kwenye miche, hapana. Mitego ya njano yenye gundi inanasa wenye mabawa tu; ni kengele ya kukuonya, haimalizi kundi. Wenye mabawa huzaliwa pale kundi linapobanana au mmea unapoanza kuchoka, kwa hiyo ukimwona mmoja kwenye mtego, kagua mimea yote usiku huo. Majivu siyapendi kwenye trei: yanabadilisha uchachu wa udongo kidogo ule, na chini ya jani hayafiki.

Dawa za viwandani zinazonyonywa na mizizi, kama imidaklopridi, zinafanya kazi, ila siziweki kamwe kwenye miche ya kuliwa wala ile itakayohamishiwa nje kutoa maua yanayotembelewa na nyuki. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake mashambani mwaka 2018 kwa sababu hiyo ya nyuki. Isitoshe, kidukari wa kijani anayependa pilipili na kabichi anajulikana kwa usugu dhidi ya dawa nyingi. Sabuni hajaizoea.

Mambo ya pembeni yanayowarudisha

Mbolea. Utomvu wa mmea una sukari nyingi na protini kidogo, kwa hiyo kidukari hunywa kupita kiasi kupata protini, sukari inayozidi anaitoa nyuma. Ndiyo ile iliyonata kwenye rafu yangu, na ndiyo inayoota ukungu mweusi kama masizi. Ukimwaga mbolea ya naitrojeni, unamwekea protini mezani. Nikiwa katika zile siku ishirini sitii mbolea kabisa. Masizi yenyewe yanafutika kwa kitambaa chenye maji.

Sisimizi. Wakipanda na kushuka kwenye chungu, wanafuata ile sukari, na kwa malipo hayo huwalinda vidukari dhidi ya maadui zao. Weka chungu juu ya kitu ndani ya sahani ya maji, majani yasiguse ukuta.

Mmea mgeni. Wiki mbili peke yake, hata kama umetoka mikononi mwa mtu unayemwamini.

Na virusi. Kidukari anaweza kupitisha virusi vya batobato ya tango, vinavyoshambulia zaidi ya aina 1,000 za mimea, kwa kuonja jani kwa muda usiofika dakika moja. Hakuna dawa inayomwahi. Mche ukitoa majani mapya yenye mabaka ya kijani na njano, yamefinyaa, huku wadudu walishaisha, usiusubiri upone. Hautapona, na kidukari mwingine akiuonja ataupeleka ugonjwa kwa jirani.

Siku ya 24 naitwaa taa, nageuza majani kumi kwenye kila mmea, nafungua machipukizi kwa ncha ya kijiti. Natafuta magamba mapya, yale meupe yasiyo na vumbi. Usiku natandaza karatasi nyeupe chini ya chungu, asubuhi napitisha kidole. Kikiteleza, mmea unarudi dirishani. Kikinata, naandika "leo" upya kwenye kalenda.