Kabla ya Kuzalisha, Kuuza na Kupokea Mbuzi wa Watu

Mkazi wa Tandahimba au Nachingwea anayekusudia kuzalisha mbuzi, kuwauza, na wakati huohuo kutunza mbuzi wa wengine kwa malipo, anaanzisha kazi tatu ndani ya zizi moja. Kazi ya tatu huonekana nyepesi kwa kuwa haidai mtaji wa kununua mifugo, lakini ndiyo inayoweza kuziangusha mbili za kwanza, na kwa hiyo inafaa iandaliwe kabla ya mbuzi wa kwanza kuletwa.

Maji yatangulie. Wakati wa kiangazi mbuzi mkubwa huweza kunywa lita 4 hadi 5 kwa siku, hivyo mbuzi 20 watamaliza madumu manne au matano ya lita 20 kila siku. Na katika uwanda wa Makonde, ambako maji ya chini yako mbali sana, hesabu hiyo ifanywe kabla ya kukata hata fito moja ya banda. Banda lenyewe liinuliwe kutoka ardhini, na fito za sakafu ziachane kiasi cha kupitisha kinyesi bila kunasa miguu ya vitoto.

Mbuzi hubeba mimba kwa siku 150 hivi. Majike yakipandwa na beberu mwezi wa Julai, vitoto vitazaliwa Desemba, mvua zinapochipusha majani na mama kupata maziwa ya kutosha. Tatizo ni kwamba mwezi huo wa kupandisha uko ndani ya msimu ambao mikorosho hupulizwa salfa, unga wa kuzuia ukungu, kwa hiyo mahali pa malisho mbali na mikorosho patafutwe mapema. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, nayo yana hatari yake: mbuzi mwenye njaa akila mabibo mengi huvimbiwa, na wengine hufa. Kuhusu kuuza sina mengi, kwani wanunuzi wa msimu wa korosho na wa Idi wanajulikana. Muhimu ni kuwa na kibali cha kusafirisha mifugo kabla ya gari kufika.

Sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa kuambukiza unaoua, iliwahi kuingia Newala na Tandahimba, na mbuzi aliyeambukizwa huweza kukaa siku kadhaa akionekana mzima. Kwa sababu hiyo kila mbuzi mgeni akae peke yake kwa siku 21, akiwa na chombo chake cha maji, tena mhudumu aanze kwa wenyeji na kumalizia kwa wageni, asigeuze utaratibu huo. Chanjo ithibitishwe na afisa mifugo wa kata; neno la mwenye mbuzi, hata akiwa shemeji yako, halitoshi.

Yanabaki maandishi, ambayo wengi huyaonea haya kwa kuwa anayeleta mbuzi ni mtu wa karibu. Yaeleze alama ya hereni, hali ya mnyama siku alipopokewa, malipo ya mwezi, nani analipa dawa, na nini kitafanyika mbuzi akifa: ngozi ionyeshwe, afisa mifugo aitwe, mwenye mali aarifiwe siku hiyohiyo. Zaidi ya yote yaseme kitoto ni cha nani iwapo jike la mgeni limepandwa na beberu wa mwenyeji, kwa maana jambo hilo lisipoandikwa mwezi wa Julai, litabishaniwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji mwezi wa Desemba.