Jinsi ya Kuhesabu Siku Tatu za Ufufuo kwa Hesabu ya Wayahudi wa Kale

Msomaji wa Injili anayehesabu saa kuanzia Ijumaa alasiri, Yesu alipokata roho, hadi Jumapili alfajiri, kaburi lilipokutwa tupu, hupata saa zisizofika 40. Akigeukia Mathayo 12:40, hukuta ishara ya Yona ya siku tatu, mchana na usiku, ambazo kwa hesabu ya saa zingedai saa 72. Pengo hilo ndilo lililowafanya baadhi ya wafasiri kuhamishia kusulubiwa Alhamisi, au hata Jumatano. Kabla ya kuhamisha chochote, ni vyema kuhesabu kama walivyohesabu watu wa Yerusalemu ya karne ya 1.

Anza na mpaka wa siku. Kwa Wayahudi siku mpya iliingia jua lilipozama, si saa sita ya usiku. Walawi 23:32 inaagiza Siku ya Upatanisho iadhimishwe kutoka jioni hadi jioni. Jambo hili si geni kwetu, kwa kuwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki nao huanza siku wakati wa magharibi, na usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Hata saa za Injili hazihitaji kugeuzwa: saa sita giza lilipoanguka na saa tisa Yesu alipolia kwa sauti kuu, kama anavyosimulia Marko, zinalingana na saa zetu za mchana.

Chukua karatasi, uchore mistari mitatu ya machweo: ya Alhamisi, ya Ijumaa na ya Jumamosi, kisha uweke kila tukio mahali pake. Karamu ya mwisho, kukamatwa, hukumu, msalaba na maziko vyote vinaangukia kati ya mstari wa kwanza na wa pili, yaani ndani ya siku moja ya Kiyahudi. Marko 15:42 inaiita siku hiyo Maandalio, siku iliyo kabla ya sabato, na Luka 23:54 inaonyesha kwamba mwili ulizikwa sabato ikikaribia kuingia. Kati ya mstari wa pili na wa tatu iko sabato yenyewe, ambapo wanawake walistarehe kama ilivyoamriwa. Baada ya mstari wa tatu siku ya kwanza ya juma imekwisha kuingia, ingawa kwetu bado ni Jumamosi usiku. Injili hazitaji saa ya kufufuka. Zinataja tu wakati wanawake walipofika kaburini. Kwa hiyo saa yoyote ya usiku ule tayari ni siku ya tatu.

Hatua inayofuata ndiyo nzito zaidi, nayo ni kuhesabu kila sehemu ya siku kuwa siku. Usiikubali kwa sababu tu inatatua tatizo. Ijaribu kwanza katika maandiko yasiyohusu ufufuo. Katika Esta 4:16 malkia anaagiza watu wafunge siku tatu, usiku na mchana, naye anaahidi kufunga vivyo hivyo ndipo aingie kwa mfalme, lakini 5:1 inamwonyesha akisimama uani siku ya tatu, bila kungoja ya nne. Katika 2 Mambo ya Nyakati 10, Rehoboamu anawaambia watu warudi baada ya siku tatu, nao wanarudi siku ya tatu kama alivyosema. Rabi Eleazar ben Azariah, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 1 na mwanzoni mwa ya 2, ananukuliwa katika Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, akifundisha kwamba mchana na usiku ni kipindi kimoja, na sehemu ya kipindi ni kama kipindi kizima. Talmudi hiyo ilikusanywa karne kadhaa baadaye, kwa hiyo mimi humtanguliza Esta na kumweka rabi kama shahidi wa pili.

Sasa rudi kwenye Injili. Marko 8:31 inasema baada ya siku tatu, Mathayo 16:21 inasema siku ya tatu, na katika Mathayo 27:63-64 wakuu wa makuhani wanamnukuu Yesu akisema baada ya siku tatu, kisha wanaomba kaburi lilindwe hadi siku ya tatu. Wangekuwa na saa 72 akilini, wangeomba ulinzi wa muda mrefu zaidi.

Wanaoshika Jumatano hutegemea Yohana 19:31, inayoiita sabato ile siku kubwa, wakidai ilikuwa sabato ya sikukuu na si ya kila juma. Hoja hiyo haipuuzwi, ila sikukuu ingeweza kuangukia sabato ya kawaida, na wanafunzi wa njia ya Emau wanasema Jumapili hiyohiyo kwamba ni siku ya tatu tangu mambo hayo yatendeke. Ukianza Jumatano, Jumapili ni ya tano; ukianza Alhamisi, ni ya nne.

Hesabu hii haichagui mwaka. Wataalamu wanaopendelea Ijumaa, Aprili 7, mwaka 30, na wanaopendelea Ijumaa, Aprili 3, mwaka 33, wote huitumia kwa namna ileile, na tarehe zote mbili hupatikana kwa kulinganisha mwandamo wa mwezi wa Nisani, ule wa Pasaka ya Wayahudi, na miaka ya utawala wa Pilato.